Mstari wa Shangazi Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa.

Hapo zamani za kale kiangazi kilikausha mito yote, ikabaki chemchemi moja. Nyumbu wanaitaka. Fisi wanaitaka. Wakamwendea Kobe, kwa kuwa hakuwa ndugu wa huyu wala wa yule.

"Shangazi Kobe, tugawie," wakasema wote.

Basi kila alfajiri Kobe akajiburuta topeni, kwaru, kwaru, kwaru, tumbo likaacha mstari. Nyumbu huku, Fisi kule. Aliyevuka, Kobe alimfuata polepole, akasimama mbele yake, akamwambia, "Umekosa. Rudi." Naye alirudi, macho chini.

Ah, siku zile! Ndama walisinzia karibu na fisi. Na pande zote mbili walimwita Shangazi. Nazililia siku zile, jamani.

Siku moja Fisi akavuka mstari, akamkamata ndama.

"Shangazi!" mama yake akalia. "Umeona! Sema!"

Kobe aliona. Akawaza, nikimkemea Fisi, watasema nimekuwa wa Nyumbu.

"Mimi sina upande," akasema. Chwap! Kichwa kikaingia gambani.

Mle ndani mlikuwa na giza, tena salama. Nje ndama alilia, kisha akanyamaza.

Kesho yake Kobe akachora tena, kwaru, kwaru. Fisi wakaukanyaga mstari wakicheka. Nyumbu nao wakaukanyaga, pembe mbele. Puu! Puu! Maji yakawa mekundu, na siku hiyo hakunywa yeyote.

"Rudini! Mmekosa!" Kobe akapaza sauti.

"Toka njiani, wewe Kobe," akasema yule mama.

Wewe Kobe. Si Shangazi tena. Ilimuuma, ikamuuma sana.

Mpaka leo Kobe akipita topeni huacha mstari. Wanyama huukanyaga, wakaenda zao. Naye husimama kidogo, akanyoosha shingo, akasikiliza kama kuna atakayemwita Shangazi.

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: asiye na upande ndiye mwenye kazi ya kumwambia mkosaji amekosa, hata awe nani. Akinyamaza, hakuna atakayemhitaji.

Hadithi yangu imeishia hapo, pale chemchemini. Anayekwenda kuteka maji, auruke ule mstari.