Mtamba wa Mzee Senkondo

Ng'ombe hukaguliwa zizi, sembuse mwana.

Ndivyo Nakijwa alivyomjibu leo yule mgeni aliyekuja kutafuta vijana wa kazi, nanyi mkacheka kwa sababu hamkuelewa. Sogezeni karai hapa, mwoshe tangawizi huku mkisikiliza, maana naona vinywa vinafanya kazi kuliko mikono. Mnadhani ni methali ya mababu? Hata kidogo. Ilianzia katika zizi langu mwenyewe, na ilianza hivi.

Mnajua desturi yetu huku milimani. Mwenye ng'ombe wengi humpa jirani ng'ombe mmoja amfugie. Jirani hupata maziwa na samadi, na ndama kwa zamu. Lakini kabla kamba haijabadili mkono, mwenye ng'ombe huenda mwenyewe kukagua zizi. Huchungulia paa, huangalia hori, hubonyeza matandiko kwa kiganja kuona kama yana unyevu. Hakuna anayeona kuwa amedharauliwa, hata kama ni shemeji.

Mzee Senkondo alikuwa mkaguzi asiye na huruma. Aliwahi kumnyima mdogo wake wa tumbo moja ng'ombe kwa ajili ya tundu la paa lisilozidi ngumi. Basi mkaguzi huyo huyo, alipojiwa na bwana mmoja aitwaye Telesfori, shati limenyooshwa na maneno yamelainishwa, akisema anatafuta mabinti wa kazi ya hoteli huko pwani, alimtoa binti yake Nakijwa kabla chai haijapoa. Hakuuliza hata hoteli inaitwaje.

Nakijwa alirudi baada ya mwaka na miezi minne. Alikuwa amekonda, vidole vimebabuka na kuwa vyeusi. Hapakuwa na hoteli. Alikuwa amefungiwa ghalani na wenzake, wakibangua korosho tangu alfajiri hadi giza, bila mshahara, vitambulisho vyao vimechukuliwa. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na hakuna aliyewapa glavu. Alitoroka siku mlinzi alipoacha geti wazi ili lori lipite.

Nasi tulimpokeaje? Naona aibu kusema, lakini nitasema. Tulinong'ona. Wenzake hurudi na mabati ya kuwaezekea wazazi, tukasema, yeye karudi na vidole. Bwana Telesfori alipopita tena alituambia kwamba Nakijwa alikimbia kazi kwa uvivu, tukamwamini yeye, mtu wa kupita, tukamwacha mtoto tuliyemlea. Mimi sikuwa wa nyuma katika kunong'ona. Baba yake naye alimwambia anyamaze, asiiaibishe nyumba.

Safari hiyo Telesfori aliandika majina ya vijana wanne, akasema atawafuata Ijumaa. La kwanza lilikuwa la binti yangu Namsifu. Ndiyo, mama yenu, huyu huyu anayewafokea kwa kuchelewa kutoka dukani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na gauni la safari nilikwisha kumshonea.

Jumatano Mzee Senkondo akaja kwetu na mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, ili sisi tumfugie. Kamba ilishikwa na Nakijwa. Mzee akaingia zizini, akainama, akabonyeza matandiko.

"Mama Namsifu," akasema, "hapa mtamba wangu halali. Pana maji."

"Tutabadilisha majani, mzee wangu."

"Badilisheni kwanza. Kisha nitarudi nione kwa macho yangu."

Nakijwa akasema, kamba bado mkononi.

"Baba, huyu umemkagulia zizi. Mimi ulinikagulia wapi?"

Mzee akakohoa. "Nakijwa, tuko kwa watu."

"Ndipo pa kusemea, baba. Nililala juu ya magunia mabichi, watu ishirini na mmoja, mlango umefungwa kwa nje. Ungekuja siku moja tu, ukayabonyeza yale magunia kwa kiganja hicho, ungenirudisha nyumbani siku ile ile."

Kisha akanigeukia. "Nawe mama, hiyo Ijumaa Namsifu analala wapi?"

Nilijua gauni lake lina vifungo vingapi, kwa kuwa nilivishona mwenyewe. Nilijua jina la mji. Lakini mahali ambapo mwanangu ataweka kichwa chake, sikupajua. Nilikaa pale pale juu ya samadi nikalia, nikamwomba Nakijwa anisamehe.

Mzee Senkondo aliichukua mikono ya binti yake akaitazama kidole kwa kidole. Tangu arudi hakuwa ameitazama. Kisha akasema, "Twende kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kijiji aliandika maelezo yote ya Nakijwa, akawapigia simu polisi, nao wakasema watapanda mlima Ijumaa. Kazi yetu ilikuwa kumkalisha mgeni mpaka wafike.

Telesfori akafika na gari lake saa tatu asubuhi, akitabasamu. Alikuta vijana wanne wamekaa na mabegi, na pembeni yao Mzee Senkondo, mimi, na mwalimu Mashambo, kila mmoja na begi lake.

"Na nyinyi wazee mnasafiri?"

"Tunakwenda nawe," akasema Mzee Senkondo. "Kwetu, mwenye ng'ombe huenda kuona zizi."

Telesfori akacheka. "Mzee, hawa ni watu, si ng'ombe!"

"Ndiyo maana tunakwenda watatu. Kwa ng'ombe huenda mmoja."

"Lakini bosi hapendi wageni kazini."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. "Mwanangu, zizi lisilotaka mkaguzi lina kupe."

Watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Akasema basi, atatafuta vijana kwingine wanaotaka maendeleo, akaliwasha gari. Alipotazama nyuma aliona barabara imejaa magunia ya tangawizi, na juu ya magunia wamekaa wanawake wa kikundi chetu cha kulima tangawizi, wengine wanasuka mikeka. Nakijwa akatoka kati yao, akasimama dirishani pake, akaweka mikono yake miwili juu ya mlango wa gari.

"Shikamoo, Bwana Telesfori. Unanikumbuka?"

Alimkumbuka. Jasho lilimlowesha shati zima, lile lile lililonyooshwa. Polisi walipofika walimkuta amekaa, funguo za gari anazo mwenyewe na pa kwenda hana.

Nakijwa aliwaongoza polisi hadi pwani, nasi wakaguzi watatu tukafuata, maana begi tulikwisha kufunga. Alilionyesha lile ghala bila kubabaika. Mlango ulipovunjwa walitoka watu ishirini na watatu, wakijikinga macho kwa jua. Mzee Senkondo aliingia ndani, akainama, akabonyeza gunia kwa kiganja. Alikaa humo muda mrefu. Telesfori na mwenye ghala walifikishwa mahakamani, wakafungwa.

Watano kati ya wale hawakuwa na kwao pa kurudi, tukaja nao. Safari hii hakuna aliyenong'ona. Kijiji kizima kilishuka stendi kwa ngoma na vigelegele, na kikundi cha tangawizi kikawakatia kila mmoja kipande cha shamba. Aliyetaka kusimulia alisikilizwa, na aliyetaka kunyamaza aliachwa anyamaze. Tukachagua kamati ya kukagua kila mahali vijana wetu wanakoitwa kazini, na mkuu wake akawa Nakijwa. Mpaka leo hakuna mtoto wa hapa anayeondoka kabla Nakijwa hajapaona anapokwenda.

Pale pale stendi, ngoma zilipotulia, Mzee Senkondo alisimama mbele ya watu, mtu ambaye hajawahi kuomba radhi hata kwa mkewe. Akavua kofia, akamtazama binti yake.

"Mwanangu," akasema, "mimi ng'ombe namkagulia zizi..."

Akashindwa kuendelea. Machozi yalimziba. Ndipo Nakijwa akamsogelea, akamshika mkono kwa vidole vyake vile, akaimalizia sentensi ya baba yake kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya bonde:

"Sembuse mwana!"

"Sembuse mwana!" tukaitikia sote, wazee kwa watoto, na wale watano wakiitikia kuliko sisi. Tukapanda mlima tukiirudia mpaka tukafika. Ng'ombe hukaguliwa zizi, sembuse mwana.