Kwa Nini Punda na Tembo Hupanda Vilima Vidogo Kuomba Kura

Wenye vyeti watawaambia kwamba habari hii ni ya katiba. Waacheni na katiba yao. Mimi shule niliiaga mapema, yenyewe ikabaki inanililia, na kisa hiki hakuna anayekijua kunizidi. Tulieni.

Enzi ambazo Marekani ilikuwa ya wanyama watupu, hapakuwa na vyama wala kura. Wanyama walikusanyika uwandani, kila kundi likampigia kelele mtu wake, na mwenye kelele kubwa ndiye aliyetawala. Sasa nyati wa kule walikuwa wengi kama siafu. Nani angewaweza? Kila mtawala alikuwa nyati, mtoto wa nyati, au shemeji yake nyati.

Juu ya kilima kimoja kidogo waliishi nungunungu. Walikuwa wachache, na mali yao ilikuwa chemchemi moja tu. Mwaka mmoja nyati wakaazimia kuigeuza chemchemi ile bwawa lao la kugaagaa matopeni. Nungunungu wakaenda uwandani kupinga. Walipayuka mpaka koo zikakauka, wala hakuna aliyegeuza hata sikio.

"Bibi, mlikuwa mnasema au mnapumua?" nyati mmoja alimtania mkubwa wao, Bi Mwiba.

Bi Mwiba alirudi kwake. Lakini njia ya kutoka mabondeni kwenda uwandani ilipita chini ya kilima chake, penye upenyo mwembamba wa mawe. Siku ya kelele ilipowadia tena, wanyama waliwakuta nungunungu wamejilaza njiani, wamewapa mgongo, miiba imesimama.

"Tupishe, mama," nyati wakanguruma.

"Si mpite? Nani kawashika?"

Nyati wa mbele akajifanya jabali. Alirudi anachechemea, pua imechomwachomwa mpaka mkewe akamtilia shaka kama ndiye. Jua likawaka, kiu ikapanda, wakubwa wakaanza kuita kwa adabu. Ndipo Bi Mwiba akatoa sharti.

"Kelele basi. Kila bonde na kila kilima kitume wajumbe. Penye wengi watoke wengi, penye wachache watoke wachache, lakini pasiwe mahali pasipo na mjumbe. Hao ndio watakaochagua mtawala. Naye atatawala miaka minne tu, kisha arudi kutuomba upya."

Walikubali, wangefanyaje? Na papo hapo nyati wakatambua kuwa wingi wao wa uwandani hautoshi. Wanahitaji marafiki mabondeni. Lakini hawakukubaliana wamfuate rafiki yupi, wakagawanyika. Wengine wakajipanga nyuma ya Punda, wengine nyuma ya Tembo. Msiniulize tembo alifikaje Marekani, alifika. Hivyo ndivyo vyama viwili vilivyozaliwa.

Mabonde yote yakatuma wajumbe, na tazama: Punda na Tembo wakawa sawa kwa sawa. Kimebaki kilima cha nungunungu peke yake.

Punda alitangulia kupanda, jasho linamchuruzika. "Shikamoo, Bi Mwiba. Sisi na nyinyi ni ndugu wa damu."

"Marahaba. Undugu umeanza lini, leo asubuhi?"

Tembo akafuata, anahema kama mvukuto. "Mama, nipe mimi nchi."

"Kilima hiki kimekutoa ulimi, nchi utaibeba?"

Nungunungu walicheka mpaka miiba ikagongana. Hata hivyo Bi Mwiba aliwaapisha wote wawili mbele ya watu wao: hakuna kwato wala mguu utakaoingia kwenye chemchemi. Mwaka ule alimpa Tembo. Tembo alipoanza kujisahau na kuogea pale, miaka minne ikaisha, wakampa Punda. Punda naye alipolewa sifa, wakamrudia Tembo. Na nyati? Walikuja kunywa kwa foleni, mmoja mmoja, na yule wa utani alikuwa wa mwisho.

Na tangu siku hiyo, mtu anaweza kupigiwa kelele na uwanda mzima wa Marekani na bado akakosa kiti, kwa kuwa wajumbe hawakutimia. Ndiyo maana kila mwaka wa nne Punda na Tembo huonekana kwenye vijiji ambavyo hawakuvijua hata kwa jina, wakila vyakula wasivyovipenda na kubeba watoto wa watu, nao watoto wakiwakojolea. Na wakubwa wote hao, wakifika mlangoni kwa mnyonge, hupiga hodi na kusubiri nje mpaka waambiwe karibu.