Muhanga na Mlango wa Ungo

Jamani, nabisha hodi na ngano!

— Karibu, ipite!

Ipite na viatu vyake?

— Ivue, ikae mkekani!

Haya, imevua, imekaa. Sogeeni basi. Wewe mwenye kikohozi kaa upande ule. Na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mimi nikishapita mahali sirudi nyuma.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakipangishana nyumba kama sisi, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio marefu, pua ndefu, ulimi mrefu kupita vyote, na kucha za kuchimbia. Kazi yake ilikuwa kuchimba. Leo shimo hapa, kesho shimo pale. Akawa na nyumba nyingi hata nyingine akazisahau.

Na nyumba zake alizipangisha pamoja na vyombo. Mpangaji alikuja na watoto wake na roho yake, basi. Kila kitu alikikuta ndani. Kodi ilikuwa kikapu cha kumbikumbi kila mwezi ukiandama.

Siku moja akaja Bi Ngiri. Alikuwa mjane, maskini, mumewe aliliwa na Chui. Alikuwa na watoto watatu, na kila jua likielekea kuzama moyo ulimwenda mbio. Akamwambia Muhanga, "Baba, mimi kitanda nitakosa, maji nitayafuata mtoni. Lakini nataka nyumba yenye mlango."

"Mlango upo," akasema Muhanga. "Twende ukaone."

Desturi yao ilikuwa hivi. Siku ya kuhamia, mwenye nyumba na mpangaji waliingia pamoja, wakagusa kila chombo, mmoja kwa mkono wake na mwingine kwa wake, mbele ya shahidi. Shahidi siku ile alikuwa Bi Kanga, jirani, aliyekuwa akilala juu ya mgunga uliokuwa pale nje.

Muhanga akagusa mtungi. "Mtungi huu. Mzima?"

Bi Ngiri akaugusa. "Mzima."

"Kitanda hiki cha kamba. Kizima?"

"Kizima."

"Upawa huu wa kutekea maji. Mzima?"

"Mzima."

"Mlango huu wa mninga, na komeo lake. Mzima?"

Bi Ngiri aliugusa mlango ule, akaubisha, akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Machozi yakamlengalenga. "Mzima, baba. Mzima kabisa."

"Basi. Chombo ukikivunja wewe, utaleta kilicho sawa nacho. Chombo kikichakaa chenyewe, nitaleta mimi kilicho sawa nacho. Bi Kanga, umesikia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu yote mawili," akasema Bi Kanga.

Ikawa hivyo. Wakakaa, wakakaa, wakakaa. Watoto wakanenepa. Bi Ngiri akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu mumewe afe.

Siku moja watoto wakagombania upawa. Huyu vuta, yule vuta, ukapasuka. Bi Ngiri akaviokota vipande. Akaenda kwa fundi, akachongesha upawa mwingine, kifuu sawa na kile na mpini sawa na ule. Akampelekea Muhanga auone.

Muhanga akautoa ulimi wake. Akaupima upawa urefu, akaupima upana, akautia ulimi ndani kupima kina. Nyie mnacheka! Ndivyo alivyofanya. Kisha akasema, "Mpini umepungua kidogo. Rudisha kwa fundi."

Bi Ngiri akarudi kwa fundi. Hakununa. Alisema moyoni, naam, tulivyogusa ndivyo tulivyopatana, na siku kikichakaa cha kuletwa na yeye, naye atafanya vivyo hivyo.

Haya. Haukupita mwezi, mtungi ukafanya ufa. Haukuangushwa wala haukugongwa, ni uzee tu, ufa ukaanzia kitakoni ukapanda mpaka shingoni. Bi Ngiri akaenda kwa Muhanga.

"Baba, mtungi umepasuka kwa uzee wake."

"Nimesikia, mama. Nitaleta."

Kesho yake Muhanga akaja na kibuyu. Kibuyu chenyewe kidogo, na kitakoni kina tundu lililozibwa kwa nta isiyoshika. Kikitiwa maji asubuhi, adhuhuri kimekauka.

"Baba," akasema Bi Ngiri, "tuligusa mtungi."

"Mama, kazi ya mtungi si kutia maji? Na hiki si cha kutia maji? Nimekuletea au sikukuletea?"

Bi Ngiri akatazama chini. "Umeniletea."

Muhanga akaenda zake. Na wale watoto, unajua watoto hawana haya, wakakaa mlangoni wakaimba. Imbeni nami, msiniache peke yangu:

*Mwenye nyumba, mwenye nyumba,*
*njoo ulale kwetu leo,*
*uone tunavyoona!*

Wakakaa, wakakaa. Kamba za kitanda zikaoza. Bi Ngiri akaenda kwa Muhanga.

"Baba, kitanda kimekwisha."

"Nimesikia, mama. Nitaleta."

Akaleta kitanda cha miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa jiwe, na jiwe lenyewe duara.

"Baba, tuligusa kitanda cha miguu minne."

"Mama, wewe unalalia miguu au unalalia kamba? Kamba hizi hapa. Nimekuletea au sikukuletea?"

"Umeniletea."

Safari hii Bi Ngiri aliona uchungu hasa. Si kwa ajili ya kitanda, kitanda alikuwa tayari kukosa. Ni ule upawa. Alikumbuka ule ulimi ukipima mpini. Watoto wakaimba:

*Mwenye nyumba, mwenye nyumba,*
*njoo ulale kwetu leo,*
*uone tunavyoona!*

Bi Kanga akamwita kutoka mtini. "Shoga, hama. Huyu bwana si mtu."

"Nihamie wapi na watoto watatu, na masika hii hapa? Maji nitayafuata mtoni. Chini tutalala. Mlango ninao."

Ndiyo. Mlango alikuwa nao. Sasa sikilizeni balaa.

Mchwa wakauingia mlango. Mchwa, ambao ndicho chakula cha Muhanga usiku na mchana! Angepita tu akaramba, mlango ungepona. Bi Ngiri alimwita mara moja, mara mbili, mara tatu. Muhanga akasema, "Nimeshiba, mama, kesho." Kesho ikawa kesho. Siku moja Bi Ngiri akausukuma mlango, ukamwagika vumbi miguuni pake. Likabaki komeo.

Bi Ngiri akaenda mbio. Hakusalimu. "Baba, mlango! Baba, nina watoto, mlango umekwisha!"

"Polepole, mama. Nimesikia. Nitaleta."

Akaleta ungo.

Ungo, jamani! Ungo wa kupepetea mtama, mkuukuu, umetoboka katikati. Akauweka penye tundu la shimo, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama kwa kuridhika. "Shimo mviringo, ungo mviringo. Umekaa kama umezaliwa hapo."

Bi Ngiri aliuona mwanga wa jua ukipenya ndani ya ungo na kuangukia mgongo wa mtoto wake mdogo. 

"Baba, tuligusa mlango wa mninga. Bi Kanga alikuwapo."

"Nilikuwapo!" akapiga kelele Bi Kanga.

"Kanga anajua nini habari za mlango, yeye analala juu ya mti? Mama, kazi ya mlango si kuziba tundu? Tundu limezibwa. Nimekuletea au sikukuletea?"

 Muhanga akaenda zake, na siku ile watoto hawakuimba.

Jioni ile Bi Ngiri akafanya jambo ambalo ngiri hakuwahi kulifanya. Zamani ngiri waliingia shimoni kwa kichwa, kama wanyama wengine wote. Yeye akatanguliza watoto, wakaingia mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume, makalio mbele na uso nyuma, zile pembe zake za mdomoni zikaelekea nje. Akakaa hivyo mpaka kulipokucha. Kama mlango hakuletewa, basi yeye mwenyewe atakuwa mlango. Na jioni ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na mwezi mzima. Akakonda, macho yakamwingia ndani.

Sasa, asubuhi moja umande haujakauka, Muhanga alikuwa anarudi kutoka kwenye kichuguu, tumbo limejaa. Akasikia nyasi, chwa, chwa. Akageuka. Chui!

Muhanga akatimka. Akajaribu kuchimba, chini ni mwamba. Akajaribu pengine, mwamba. Nyumba yake iko mbali. Ndipo akaona mgunga, na chini ya mgunga akaona ungo.

Hakupiga hodi. Bi Ngiri alikuwa amesogea ndani kidogo kuwaamsha watoto, akashtukia Muhanga anajitupa ndani, pua mbele, anahema.

"Funga mlango! Mama, funga mlango!"

Bi Ngiri akamtazama. "Mlango ndio huo, baba. Si umeuleta mwenyewe?"

Muhanga akauvuta ungo penye tundu kwa mikono miwili, akaushikilia. Chui akatia ukucha mmoja tu. Kraa! Ukucha ukapita kwenye ungo, ukamchana Muhanga sikio. Akapiga ukelele ambao watoto wa Ngiri hawakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Shoga!" Bi Kanga akaita kutoka juu. "Msukume nje! Msukume huyo, Chui ashibe, aende zake!"

Na kweli, Bi Ngiri angeweza. Alikuwa nyuma yake, na mwenye nyumba alikuwa mnene. Angempa msukumo mmoja tu. Bi Ngiri aliifikiria, msinidanganye kwamba nyinyi msingeifikiria. Akamwona Muhanga anavyotetemeka, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyotetemeka mwezi mzima, na hakupenda hata adui yake atetemeke vile.

"Pita nyuma," akasema. "Kaa na watoto. Na unyamaze."

Muhanga akapita nyuma, akajikunyata kati ya watoto. Bi Ngiri akakaa mlangoni, pembe nje. Chui akatia kichwa chote ndani ya ungo, katikati pale palipotoboka. Kichwa kikapita, shingo ikakwama. Bi Ngiri akampiga pembe moja ya kulia, akampiga moja ya kushoto. Chui akalia, akarudi kinyumenyume, akakimbia na ungo shingoni, mpaka ng'ambo ya mto. Bi Kanga alicheka nusura aanguke mtini.

 Muhanga alikuwa amekauka koo. "Mama, nipe maji."

Bi Ngiri akaleta kibuyu. Akakiinamisha. Tone moja, basi.

Muhanga akataka kupumzika. Akakaa kitandani. Jiwe likabingirika, kitanda kikaanguka, na Muhanga akaanguka chali.

Akajilalia pale chini, anatazama tundu la nyumba. Tundu lilikuwa wazi, jua linaingia lote. Mtoto mdogo akamsogelea, akaimba polepole, peke yake:

*Mwenye nyumba, mwenye nyumba,*
*umelala kwetu leo,*
*umeona tunavyoona.*

Bi Ngiri akatoka, akaenda mtoni, akarudi na maji kwenye upawa. Akamshikia Muhanga kichwa, akamnywesha. Muhanga akayanywa yote. Kisha akautazama ule upawa, akaugeuza huku na huku. Haukuwa na ufa. Haukuvuja hata tone. Mpini ulikuwa sawasawa na ule wa zamani, hakukuwa na haja ya kuupima.

"Kitu kizima humu ndani ni hiki tu," akasema Muhanga.

"Hicho nilikileta mimi," akasema Bi Ngiri.

Muhanga akainamisha masikio yake, lile zima na lile lililochanika. Hakuuliza tena ameleta au hakuleta.

Kesho yake akaja na mtungi. Keshokutwa akaja na kitanda cha miguu minne. Siku ya tatu akaja ameubeba mlango wa mninga mgongoni, jasho linamtoka, na Bi Kanga akashuka mtini, wakavigusa vyote upya. Tena akasema kodi yake hataki, na mpaka leo Muhanga akichimba shimo akihama analiacha tu, na Ngiri analikuta, anaingia, haulizwi.

Lakini jioni ile, mlango upo na komeo lipo, Bi Ngiri akatanguliza watoto, akageuka, akaingia kinyumenyume.

Muhanga akasikitika. "Mama, mlango si nimekuletea?"

"Umeniletea, baba, na ahsante. Mlango umerudi. Imani ndiyo bado haijarudi."

Na haijarudi. Nendeni porini mkamwangalie ngiri, mtaona anavyoingia.

Basi mafunzo yake ndiyo haya. Kama kimeharibika kitu anachotumia mwenzio na ni juu yako kukirudisha, rudisha kile ambacho ungekitaka wewe siku utakayolala kwake. Na wewe uliyepanga, ulichovunja mwenyewe kilete kabla hujadaiwa, ili siku ukidai chako udai ukimtazama mwenzio usoni.

Ngano yangu imesimama, imevaa viatu vyake, imekwenda. Mlango ufungeni nyinyi.