Mize na Ndege wa Shaba

Wapenzi wangu, mpo? Basi sogeeni, mtege masikio.

Hapo kale palikuwa na mwanamke mhunzi, jina lake Mize. Siku moja zimwi lilikuja likakalia kisima cha mji wao, na watoto wakawa wanalia kwa kiu. Mize aliona uchungu. Akafua ndege wa shaba, mkubwa kama ng'ombe, anayetii sauti yake peke yake, akampeleka kisimani.

"Babu Zimwi, umewahi kuruka?" Mize akaliuliza.

"Miaka mia nakanyaga ardhi tu!" Zimwi likapanda mgongoni mwa ndege upesi.

Mize akapanda mbele yake, akaimba, "Piga bawa, ndege wangu, piga bawa!" Ndege akapaa juu ya mapaa.

"Babu, unatuachia kisima?"

"Siachi!"

Akaimba tena. Ndege akapaa juu ya minazi.

"Unatuachia?"

"Si-siachi!"

Moyo ukimdunda, maana hakujua shaba yake itahimili mpaka wapi, Mize akaimba mara ya tatu. Ndege akapenya mawingu.

"Nimeacha! Nimeacha, mjukuu wangu! Niteremshe!"

Ndege alipotua, zimwi lilikumbatia ardhi, likaapa halitarudi kukalia kisima. Watu wakachota, wakanywa, wakarushiana maji kwa furaha. Mize alipoinama naye anywe, zimwi lilimsogelea kwa haya.

"Mjukuu wangu, nikikuchotea maji kila asubuhi, utanirusha tena? Kidogo tu, usawa wa mapaa?"

Mize akacheka, akampa ndoo.

Kisa changu kimetua hapo. Nanyi laleni salama.