Gari la Kijani la Najiat

Juma zima mji wa Tabora haukupata utulivu. Spika ya kukodi, iliyofungwa juu ya bajaji, ilipita Cheyo, ikapita Isevya, ikarudi sokoni ikinguruma: "Gari la michezo la Mwingereza! Lilikuwa la gavana! Halina kasoro hata chembe! Wahi, wahi!" Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Majidi, dalali aliyerudi kutoka Dar es Salaam na maneno mengi kuliko mizigo. Gari lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mdogo wake, Najiat, fundi aliyekuwa akifanyia kazi katika kona ya kuazima ndani ya gereji ya watu.

Lilikuwa gari dogo la kijani, la viti viwili, lisilo na paa, lililoundwa Uingereza kabla nchi yetu haijapata uhuru. Najiat alilikuta bandani kule Itetemia, kuku wakitagia kwenye viti vyake. Mwenye banda alimpa bure, akashukuru kupata nafasi. Watu walimcheka wee, wakachoka. Yeye akajifunga kibwebwe. Alinyoosha bodi kwa nyundo, akachonga vipuri visivyopatikana madukani, na dashibodi iliyooza akaitengeneza upya kwa ubao wa mninga uliotoka Usinge. Miaka ilipita akiwa chini ya gari hilo. Sasa alikuwa na azma moja tu: aliuze, ajenge gereji yake mwenyewe, asiondolewe tena kila mwenye eneo anapoamka vibaya.

Lakini spika ya kaka yake ilikuwa inafukuza wanunuzi kama moshi unavyofukuza nyuki. Kila aliyekuja aliuliza kwanza habari za gavana. Najiat alijibu ukweli, kwamba hakuna gavana aliyewahi kuligusa. Mnunuzi alitikisa kichwa na kwenda zake. Mjini wakaanza kunong'ona kwamba gari zuri lisingepigiwa kelele kiasi kile.

"Kaka, zima hiyo spika," Najiat alisema.

"Nikiizima nani atajua tunauza? Biashara ni mdomo, mdogo wangu!"

Siku iliyofuata alifika mzee mmoja mrefu, kofia kichwani, ametoka Dodoma kwa basi. Aliitwa Anton, mwenye hoteli na mpenzi wa magari ya zamani. Najiat alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni Mgogo." Kisha akalizunguka gari, akabetua midomo. "Hili ndilo gari? Wanyamwezi nyie, mmezoea kubeba mizigo kichwani toka enzi za misafara, magari mtayajulia wapi? Hili hata punda wetu atalionea huruma."

Majidi, ambaye Dar es Salaam ilikuwa imemsahaulisha desturi za kwao, alidhani mzee amelidharau gari kwelikweli. Jasho likamtoka. Akaanza kushusha bei kabla hajaombwa, akaapa kwamba gavana alilipenda kuliko mkewe, na kwamba halijawahi kuharibika tangu lizaliwe. Kadiri alivyosema ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kukunjamana.

Najiat alimshika kaka yake mkono. "Nyamaza, kaka. Huyu ni mtani wetu, anatutania tu." Akamgeukia mzee. "Na wewe Mgogo, kwenu mvua mnaisikia redioni, leo umekuja kuona chombo kinachong'aa ukadhani ni maji. Chukua ufunguo. Nenda nalo mpaka Urambo, urudi. Breki ni nzuri, injini nzuri. Mlango wa kushoto unyanyue kidogo ndipo ufunge. Dashibodi si ya asili, nimechonga mwenyewe. Na ukilizima likiwa la moto halitawaka. Usilisukume wala usiliguse. Likae mpaka lipoe, litawaka lenyewe."

Mzee akapokea ufunguo, akaondoka peke yake.

"Umerogwa?" Majidi alifoka. "Mtani akichukua kitu chako unamdai wapi? Na kasoro zote umemtajia!"

"Mtani huchukua kuku. Hachukui gari."

Kisha akarudi kwenye pikipiki aliyokuwa akiitengeneza. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia, barabara ya Urambo ikabaki tupu. Majidi alikwenda na kurudi akilia kwamba wameibiwa. Najiat aliogopa, tena aliogopa sana. Miaka yake yote ilikuwa katika gari lile. Hata hivyo hakumtuma mtu kumfuata mzee. Alikuwa ameshasema yaliyo kweli, na hakuwa na jingine la kuongeza.

Jua lilipokuwa linainama walisikia mngurumo. Mzee Anton aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alishuka, akaunyanyua kidogo mlango wa kushoto, akaufunga.

"Nimechelewa kwa makusudi," alisema. "Nilipofika Urambo nikalizima likiwa la moto. Vijana wakaja kunisukuma, nikawakataza. Nikanywa chai. Lilipopoa likawaka kama ulivyoniambia." Akamtazama Majidi. "Wewe umenisifia gari hili mpaka nikataka kurudi stendi. Dada yako amenionyesha kidonda cha gari, nami nikalipanda bila wasiwasi. Bei ni ileile ya kwanza, fundi. Sitaki punguzo la huyu."

Wakapeana mikono, wakatukanana tena kwa furaha, kila mmoja akitaja ukoo wa mwenziwe. Najiat alicheka huku machozi yakimtoka, hakuyaficha. Majidi alitoka nje taratibu, akapanda juu ya bajaji na kuanza kufungua kamba za spika. Wapita njia walimuuliza kulikoni, naye akazidi kufungua, kwa maana alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.