Jogoo wa Kibali

Enzi za karatasi, mtendaji Lugembe hakugonga muhuri bila kupewa jogoo. Karatasi zilipoagwa ukaingia mtandao, Nyamizi, mjanja ambaye hata sungura angempa shikamoo, akaenda kuomba kibali cha harusi ya bintiye.

“Siku hizi naidhinisha kwa simu, dada. Ila jogoo yuko palepale.”

“Nimekuja naye, mkuu! Hebu mpakate, utabasamu, nikupige picha ya ukumbusho.”

Lugembe akampakata, meno yote nje. Nyamizi akabonyeza.

“Lo, umependeza! Sijui niisukume wilayani kwa mtandao huohuo?”

“Usitume, mama! Kibali hicho, nimeshaidhinisha!”

Nyamizi akamkwapua jogoo.

“Na huyo unampeleka wapi?”

“Ofisini huachwa nakala, mkuu. Nitakurushia picha. Halisi hurudi na mwenyewe.”