Nondo Mpya za Bwana Forodha

Siwatu, muuza vyuma, alifikisha mpakani nondo zilizoliwa na kutu. Chuma chakavu kina ushuru mdogo, na Mashauri, mkuu wa forodha, hakupenda vidogo.

"Hizi ni mpya," alisema.

"Mpya, bwana? Na kutu yote hii?"

"Forodha ndiyo inayojua kipya."

Siwatu alilia weee, mwisho akalipa. "Basi ziwekee alama, nisisumbuliwe mbele."

Mashauri akaziandika kwa rangi nyekundu: MPYA.

Kesho yake alikwenda kukagua jumba lake linalojengwa, akamkuta fundi anazipanga nondo zile zile.

"Nani kakuuzia takataka hizi?"

Fundi alimwonyesha rangi nyekundu. "Nimezilipia bei ya mpya kwa fedha zako, bwana. Nani abishane na forodha?"

Siwatu alikuwa akishusha za mwisho. "Jana zilikuwa mpya, bwana. Zimezeekea njiani?"